Leo Nimemkana Kulwa Mbele ya Daktari

Bariadi, Jumatano, saa kumi na moja jioni.

Mwezi wa nane huu, jua halina adabu na vumbi ndiyo poda yetu. Malori ya pamba yanapita tangu asubuhi. Nimefunga cherehani mapema. Kuna sare tatu za watu hazijaisha na wenyewe watakuja kunisema kesho. Waje tu, nina dhambi kubwa kuliko sketi isiyo na pindo.

Najichukia leo. Siandiki hivyo ili mtu anihurumie, maana wanaosoma blogu hii ni wachache na hakuna hata mmoja anayejua mimi ni nani. Niliifungua nikidhani nitaweka picha za mishono yangu, nikaishia kuweka moyo wangu. Hapa mjini mimi ni fundi, nacheka sana, nina mdomo, watu wanapenda kukaa kibarazani kwangu. Hapa kwenye simu ndipo ninaposema ukweli. Ujasiri wangu wote unaishia kwenye kioo cha simu.

Nina mabinti wawili. Ni mapacha.

Sentensi hiyo sijaitamka kwa miaka saba.

Kwa asiyejua mambo ya Usukumani: pacha anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayemfuata ni Doto, na mtoto atakayezaliwa baada ya hao anaitwa Shija. Huchagui na huulizwi. Mtu akisikia mwanao anaitwa Doto, swali lake la pili ni Kulwa yuko wapi. Kulwa wangu ndiye aliyetangulia, tena akiwa mzito kuliko mwenzake. Mkunga alimwinua akasema huyu ndiye mbabe. Kha! Mbabe.

Hawajafikisha hata mwaka, viganja vya Kulwa vikavimba, na nyayo, akawa analia usiku na mchana hadi sauti ikakauka. Tukazunguka kwa waganga kwanza, sitaki kudanganya, halafu ndiyo hospitali. Wakasema ni sikoseli. Doto akapimwa, akaonekana hana ugonjwa. Nakumbuka nilifurahi na kulia kwa wakati mmoja, nesi akaniuliza mama vipi.

Mwenye mtoto mmoja wa sikoseli anaweza kujidanganya. Anasema mwanangu mdogo tu, ukoo wa baba yake wafupi, ataongezeka. Mimi sikupata nafasi hiyo. Doto alikuwa analala kitanda kimoja na Kulwa, anakula sahani moja na Kulwa, amezaliwa siku moja na Kulwa, na kila mwezi alikuwa anamwacha. Doto akitembea, Kulwa anakaa. Doto akipoteza meno ya mbele, Kulwa bado ana ya utoto yote. Gauni likimbana Doto linakwenda kwa Kulwa, mkubwa anarithi nguo za mdogo wake. Nilikuwa naona tofauti kwa macho kila nikiwavua nguo kuwaogesha. Mbavu za huyu, mapaja ya yule. Tumbo la Kulwa limetangulia mbele na macho yana njano.

Wakati huo tulikuwa Nkololo kwa mama mkwe. Baba yao alishakwenda machimboni, huko akaona pazuri akabaki. Watu wakaanza kusema. Eti Doto anamla mwenzake. Eti wakilala, nyama ya Kulwa inahamia kwa Doto. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya, alikuwa anatafuta sababu kama sisi wote, lakini alilisema mbele ya wageni. Siku jirani alipomnyang'anya Doto mtoto aliyekuwa amembeba, akamfuta mtoto shingoni na kanga kama amemwagikiwa kitu, nikajua hapa si pa kukaa. Doto alikuwa na miaka tisa. Kwetu neno la namna hiyo likimshika mtu linakua naye, na watu wamekatwa mapanga kwa neno dogo kuliko hilo.

Nikabeba cherehani, nikabeba watoto, nikaja mjini.

Sasa sikilizeni nilivyofanya.

Siku ya kuandikisha shule, Doto alikuwa na karatasi yake ya uhamisho, jina limeandikwa na muhuri umepigwa. Kulwa hakuwa na kitu. Hakuwahi kuanza shule, kila mwaka akianza tu maumivu yanamshika, analazwa, anaongezewa damu, mwaka unaisha. Tukaingia ofisini wote watatu. Mwalimu mtu mzima, Msukuma mwenzetu, akatusalimu vizuri kabisa, mwangaluka mayu, tukaitikia. Akasoma karatasi ya Doto. Akainua macho, akaniuliza, "Na Kulwa yuko wapi?"

Kulwa alikuwa amesimama hapo, ameshika sketi yangu. Ana miaka tisa, ukimwangalia ungempa sita, tena sita ya huruma. Nikamwona mwalimu anavyomtazama, hamfikirii hata kidogo. Anatazama mlangoni, anadhani mwingine yuko nje.

Nikasema, "Hayupo."

Nilitaka kusema nini baada ya hapo, hadi leo sijui. Mwalimu hakunipa muda. Akavua kofia. "Pole sana mama. Mungu ampumzishe. Basi huyu mdogo ndiye Shija?"

Nikasema ndiyo.

Akaandika. Miaka sita, darasa la kwanza, Shija. Kalamu haikuchukua hata dakika. Nilimuua mwanangu wa kwanza akiwa ameshika nguo yangu, na mwalimu akanipa pole kwa hilo, nami nikapokea.

Tulipofika nje Kulwa akaniuliza, "Mama, mimi nimekufa lini?"

Nikamwambia ni mchezo. Nikamwambia mjini watu wanacheka mapacha wasiolingana, sasa ukiwa Shija hakuna wa kukucheka. Na ni kweli walikoma kumlinganisha. Doto mkubwa, Shija mdogo, nani ashangae? Hakuna aliyesema tena fulani anamla fulani. Nilijipongeza, jamani. Nilijiona mama mwenye akili. Niliona nimewaokoa wote wawili kwa neno moja.

Kliniki nayo ikafuata karatasi za shule. Nilipompeleka mara ya kwanza hapa mjini nilitoa jina la Shija na mwaka wa Shija, kadi ikafunguliwa. Ile ya Nkololo niliichoma kwenye jiko la mkaa nikichemsha maharage.

Na nyumbani? Nyumbani tulisema tutaendelea na Kulwa, Shija ni ya nje tu. Wapi. Doto aliteleza ulimi mara mbili mbele ya wateja, nikamchapa. Baada ya hapo ikawa Shija mchana na usiku. Na kwa kuwa Shija ni mdogo, ikabidi amwite Doto dada. Kulwa aliyetangulia kuona jua anamwamkia Doto shikamoo dada asubuhi, anatumwa maji, anatumwa chumvi. Doto alipenda. Simlaumu, alikuwa mtoto, nani asingependa kupandishwa cheo bure.

Leo wana miaka kumi na sita. Doto yuko kidato cha tatu, amenipita urefu, sidiria anavaa namba ninayovaa mimi. Kulwa yuko darasa la saba na watoto wa miaka kumi na tatu, na hata hao wanamzidi. Sare yake naikata kwa vipimo vya mtoto wa kumi na moja. Kifua ni ubao. Nyonga hamna. Mwenye duka akimwona anampa pipi, anamwambia chukua mtoto mzuri, na yule ndani ana akili za mwanamke. Anasoma madaftari ya Doto ya baiolojia, ile sura ya kubalehe ameisoma hadi karatasi imelainika.

Hili nitaliandika ingawa ataniua akilijua. Tangu Doto avunje ungo, kila nikimnunulia Doto pedi, Kulwa ananiambia ninunulie na mimi. Mwanzoni nilimwambia za nini? Akasema siku yangu ikifika isinikute sina. Anazo pakiti chini ya kitanda, zimepangwa, hazijafunguliwa hata moja. Anazifuta vumbi Jumamosi.

Miaka mitatu anazifuta vumbi.

Sasa leo. Jumatano ni siku ya kliniki ya sikoseli. Tulifika mapema, benchi limejaa, akina mama wale wale. Mama Limi alikuwepo. Nimweleze kidogo Mama Limi: ni mteja wangu na ni rafiki yangu wa karibu kuliko wote hapa mjini. Binti yake Limi alikufa kwa ugonjwa huu huu, na bado anakuja kliniki kwa sababu na mdogo wake anao. Limi alipokufa nilimshika mkono siku tatu msibani. Nilimwambia najua uchungu wako, na mimi nilimzika Kulwa. Akaniuliza alizikwa wapi, nikamwambia Nkololo, nyuma ya nyumba, upande wa migomba. Tukalia wote wawili. Machozi yangu yalikuwa ya kweli, sijui yalikuwa ya nini.

Daktari ni mpya, binti mdogo, lafudhi ya Kaskazini, mpole mpaka unaona aibu. Akampima Kulwa uzito, akamsimamisha kwenye ubao wa urefu, akamshusha kidevu vizuri. Akachukua kadi, akahesabu miaka, kumi na tatu. Akaweka nukta kwenye ile grafu. Akatabasamu.

"Mama, hongera. Yuko chini, lakini yuko ndani ya mistari. Kwa mtoto wa sikoseli wa umri huu si mbaya hata kidogo. Unamlisha vizuri."

Nikasema asante daktari.

Hongera niliipokea kwa mikono miwili. Kulwa alikuwa anavaa viatu, nikaona ameacha kufunga kamba.

Daktari akamuuliza kama ameshaanza kuona siku zake. Kulwa akasema bado. Matiti yanauma, yanavimba? Bado. Basi daktari akaanza kumfundisha taratibu, namna nzuri kabisa, laiti ningepata mtu wa kunieleza hivyo zamani. Akasema mwili wa mtoto mwenye sikoseli unatumia nguvu nyingi kutengeneza damu mpya kila siku, ndiyo maana kukua kunachelewa, na kubalehe kunaweza kuchelewa mwaka, miwili, hata zaidi, na wengi wanafika tu. Akasema, "Wewe una kumi na tatu, tulia, hujachelewa. Ungekuwa na kumi na sita hujaona dalili yoyote nisingesubiri. Ningekutoa damu tuangalie homoni, tuangalie lishe, na ningekuandikia barua uende Mwanza ukaonwe na mabingwa. Lakini bado tuna muda."

Nilitazama sakafu. Kuna kigae kimoja kimepasuka pale, nakijua sasa kuliko kiganja changu.

Kulwa akasema, "Daktari, mimi nina kumi na sita."

Daktari akafikiri amesikia vibaya. "Unasemaje?"

"Nina kumi na sita. Mimi siyo Shija. Mimi ni Kulwa. Doto ni pacha wangu, mimi ndiye niliyetangulia." Alisema taratibu, ameshika mikono mapajani, akatamka kila neno lisikosewe. Ni maneno aliyoyapanga. Nani ajuaye ameyapanga tangu lini. "Naomba hiyo barua ya Mwanza."

Ule mlango haufungwi, una pazia tu. Chini ya pazia nikaona miguu ya Mama Limi, zile kandambili za bluu. Alikuwa mtu wa kwanza kwenye benchi.

Na mimi nikacheka.

Nilicheka kile kicheko changu cha kibarazani, kile wateja wanachokipenda. Nikasema, "Jamani watoto hawa! Daktari msamehe. Kulwa ni marehemu dada yake. Alifariki huyu akiwa mdogo sana, mengi anasimuliwa tu."

Maneno yalitoka yenyewe, hayakukwama popote. Miaka saba ya mazoezi.

Daktari akaweka kalamu. Akasogeza kiti karibu na Kulwa, akamshika bega. Akamwambia, "Unamkumbuka sana dada yako, eti?" Akaniambia mimi kwa sauti ya chini kwamba hutokea, watoto wanaobaki hujisikia vibaya kukua wakati mwenzao hakukua, wengine hujiweka kabisa kwenye nafasi yake. Akaniuliza kama nyumbani tunamtaja marehemu. Nikasema si sana. Akasema tusimfiche, tumtaje jina lake, tumwache mtoto alie. Akaandika karatasi ya ushauri nasaha, akasema dawa zimeisha, tuzifuate Ijumaa, naye atakuwepo. Barua ilipatikana, ila ya kwenda chumba namba saba kuongea na mtu kuhusu msiba.

Kulwa hakulia. Alikuwa ananitazama mimi. Nilitegemea chuki, chuki ningeielewa. Alinitazama vile mtu anavyotazama mlango wa ofisi aliyoambiwa imeshafungwa. Halafu akamgeukia daktari, akajibu lile swali.

"Ndiyo. Namkumbuka."

Tulipotoka, Mama Limi akasimama akamkumbatia. Alisikia yote. Akamwambia pole ng'wanone, pole mwanangu, Kulwa yuko na Limi, wanakuangalia. Kulwa akasema asante mama. Akanikumbatia na mimi pia, Mama Limi, akaninong'oneza kwamba malezi ya hawa watoto ni kazi, tujipe moyo. Harufu ya sabuni aliyofulia bado naisikia puani.

Bodaboda akasema mtoto akae mbele kwenye tangi. Kulwa akakaa mbele kwenye tangi.

Njia nzima nilikuwa najitetea kimoyomoyo. Nilijiambia ni kwa ajili ya mtihani, ameshasajiliwa mtihani wa darasa la saba kwa jina la Shija, nikibadilisha sasa watamtoa. Nilijiambia ni kwa ajili ya Doto, watu wa Nkololo wanakuja mnadani hapa kila wiki, ikijulikana hao ni mapacha mmoja mrefu na mwingine hivi, yale maneno yatafufuka na Doto ni msichana mkubwa sasa. Hiyo sababu ya Doto ni nzuri. Nimeitumia miaka saba na bado inang'aa.

Lakini leo nimejibana mwenyewe. Pale chumbani sikumfikiria Doto hata sekunde moja. Nilifikiria kandambili za bluu. Nilifikiria Mama Limi atanionaje akijua nilitoa machozi yangu juu ya kaburi ambalo halipo, yeye akitoa yake juu ya lililopo. Ndicho kilichonichekesha. Aibu yangu. Mwanangu aliomba akue, na mimi nikaangalia miguu ya jirani.

Nilimtoa Doto Nkololo salama. Kulwa ndiye nauli niliyolipa.

Tulipofika nikamwambia nikununulie soda? Akasema hapana. Akatoa vyombo nje akaanza kuosha. Doto alivyorudi shule akaniuliza kliniki wamesemaje, Kulwa ndiye akamsimulia. Hakuongeza chumvi. Alimsimulia mpaka kicheko changu, na karatasi ya chumba namba saba akamwonyesha.

Doto alitupa begi chini. Sijawahi kumwona Doto hivyo. Akasema, "Mama, kama wewe huwezi, Ijumaa naenda naye mimi. Nitasimama pale nimwambie daktari huyu ni pacha wangu."

Kulwa akafuta mikono. Akamvuta Doto mpaka mlangoni kwenye mwanga, akasimama ubavuni kwake. Kichwa chake kinaishia chini ya kwapa la Doto. Akasema, "Haya, tuseme daktari ni mama. Mama, utaamini?"

Hakuna ambaye angeamini. Ningekuwa mimi daktari ningeandika karatasi nyingine ya chumba namba saba, ya Doto. Nilianza kwa uongo kwamba Kulwa ni mdogo kwa miaka mitatu, na mwili wake umekuja kuukubali uongo wangu. Cheti hakuna, kadi niliichoma, mkunga alishakufa, baba hayupo, bibi yao kule amezeeka hata majina anachanganya. Aliyeona wakitoka mmoja baada ya mwingine, akabaki na akili zake, ni mimi peke yangu.

Doto akaanza kulia. Akamwita Kulwa. Aliita tu, "Kulwa," na Kulwa hakugeuka mara moja. Ilichukua muda kidogo, kama jina la mtu wa nyumba ya pili. Hapo ndipo na mimi nikakaa chini.

Nikamwambia Ijumaa daktari yuko, twende. Nikamwambia nitakupeleka, utamweleza vizuri, safari hii nitakubali.

Akaniambia, "Mimi nilishasema leo. Ulicheka."

Nikaokota begi la Doto pale chini.

Akasema, "Ijumaa mimi sitasema neno. Utaanza wewe. Utaanza na jina langu, umri utafuata. Usiposema, sawa, tutachukua dawa tutarudi. Nitakuitika ukiniita Shija, nitamwamkia Doto, nitafanya mtihani. Na sitakuomba tena." Hakupandisha sauti. Ana sauti ya mtoto, nyembamba, ukiwa chumba cha pili utadhani ni wa darasa la nne anakariri.

Halafu akaendelea na sufuria.

Sasa hivi wako nje wote wawili, Doto anamsaidia kusuuza. Jua linashuka na lori jingine la pamba limepita. Nimejaribu kuandika hapa kwamba Ijumaa nitasema. Nimeiandika hiyo sentensi, nikaisoma, nikaifuta. Nikaiandika tena.

Ijumaa Mama Limi naye atakuwepo. Anamleta mdogo wake Limi kuongezewa damu, ameniomba nimshikie nafasi kwenye benchi, karibu na mlango.

Nimeifuta tena.